Tathmini ya huduma ya kurutubisha ukoka katika kaunti ya Pinellas, Florida

Kampuni ninayoitathmini hapa ni ndogo, ina magari machache, na inahudumia nyumba za kaunti ya Pinellas katika pwani ya magharibi ya Florida, yaani St. Petersburg, Clearwater, Largo na miji midogo iliyobanana kati ya Ghuba ya Tampa na Ghuba ya Meksiko. Silitaji jina lake kwa sababu ninayoyasifu na ninayoyalaumu yanazihusu kampuni nyingi za aina hiyo, na msomaji anayetaka kuajiri yoyote kati yao atafaidika zaidi akijua cha kupima. Hukumu yangu naitoa mapema: hii ni huduma nzuri, naipa nyota nne kati ya tano, na sababu kubwa ya kuipa nyota hizo ni kile ambacho haikukimwaga kwenye uwanja wangu kuanzia Juni hadi Septemba. Nyota ya tano imepotea hasa kwa swali moja ambalo hawakuliuliza, nalo ni swali la maji.

Kwa wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki, mbolea ni mambo ya shamba. Tunaijua DAP ya kupandia, tunazijua urea na CAN za kukuzia, na tunajua kwamba mfuko ukinunuliwa ni lazima gharama yake irudi kwa magunia ya mahindi. Ukihamia Florida na kupata nyumba yenye uwanja, unakuta nitrojeni ile ile inawekwa kwenye nyasi ambazo hazilishi mtu wala mnyama, tena inawekwa na watu wanaolipwa kwa kila awamu, ambao awamu yoyote wanayoiruka ni pato wanalolikosa. Hapo ndipo sheria za mitaa zinapoingia, na ndiyo maana naamini kwamba huduma ya namna hii haiwezi kupimwa kwa rangi ya nyasi peke yake.

Pinellas ilipitisha sheria yake ndogo ya mbolea mwaka 2010, baada ya kaunti ya Sarasota, iliyo kusini yake, kutangulia mwaka 2007. Kiini cha sheria hiyo ni katazo la msimu: kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Septemba hairuhusiwi kuweka nitrojeni wala fosforasi kwenye nyasi na mimea ya mapambo, na katika miezi hiyo hiyo maduka hayaruhusiwi hata kuuza mbolea za nyasi zenye virutubisho hivyo. Nje ya msimu huo nitrojeni inaruhusiwa, ila angalau nusu yake iwe ya aina inayotoka polepole. Fosforasi hairuhusiwi mwezi wowote mpaka kipimo cha udongo kionyeshe kwamba imepungua. Mvua kubwa ikitabiriwa, kazi inaahirishwa, na ukingo wa futi 10, yaani mita 3 hivi, kandokando ya bwawa, kijito au ukuta wa bahari unaachwa bila mbolea kabisa. Majani yaliyokatwa hayapulizwi barabarani wala kwenye mitaro ya maji ya mvua. Bustani za mboga zimeachwa nje ya katazo la msimu, jambo litakalompa nafuu mwenye matuta yake ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Sababu za ukali huo ziko kwenye udongo na mvua. Udongo wa huku kwa sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga hauwezi kuishika naitreti, yaani nitrojeni iliyo katika hali ya kuyeyuka kwenye maji. Sehemu kubwa ya mvua ya mwaka hunyesha ndani ya miezi hiyo minne, mara nyingi kwa ngurumo za alasiri ambazo humwaga maji mengi kwa muda mfupi. Nitrojeni iliyoyeyuka ikizidi ile ambayo mizizi inaweza kuichukua siku hiyo, huzama hadi kwenye maji ya ardhini au huteremka na maji ya juu hadi mtaroni, na mitaro hiyo haiendi kwenye mtambo wa kusafisha maji taka. Inaishia kwenye mabwawa ya mtaa, kwenye vijito, na hatimaye ghubani. Katika Ghuba ya Tampa nitrojeni ndiyo kirutubisho kinachoamua mwani utaota kiasi gani; mwani ukizidi, maji huwa mazito, mwanga haufiki chini, na nyasi bahari hufa. Wakazi wa eneo hili walishuhudia uharibifu huo katika miaka ya 1970, wakayasafisha maji taka yao kwa gharama kubwa, na nyasi bahari zikarudi mpaka mwaka 2014 zikavuka lengo la ekari 38,000. Kisha zikaanza kupungua tena, na vipimo vya mwaka 2022 vilipata takriban ekari 30,000. Upande wa pili wa jimbo, kwenye wangwa mrefu uitwao Indian River Lagoon, nyasi bahari zilitoweka kwa kiasi ambacho nguva walikosa chakula, na mwaka 2021 nguva waliokufa Florida nzima walizidi 1,000. Mtu wa Lamu au wa Kilwa anayemjua nguva, ingawa yule wa kwetu ni wa jamii nyingine, ataelewa upesi kwa nini mwenye nyumba ajali kinachotoka kwenye uwanja wake.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Mkataba wao unagawanya mwaka katika ziara sita, na ziara mbili kati ya hizo zinaangukia ndani ya msimu wa katazo. Kampuni isiyo makini ingeweza kuziruka huku ikiendelea kutoza, au, vibaya zaidi, kuzifanya kimyakimya kwa mbolea ya kawaida kwa kuwa si rahisi kwa mwenye nyumba kutofautisha punje za rangi moja na za rangi nyingine. Hawa wamefanya jambo la tatu. Ziara za kiangazi, yaani za miezi ya joto na mvua ya Juni hadi Septemba, zimepewa kazi tofauti: wanaweka madini ya chuma na potasiamu bila nitrojeni wala fosforasi, wanakagua magonjwa na wadudu, wanapima urefu wa nyasi, na wanatazama kama vinyunyizio vinamwaga maji barabarani. Chuma huzidisha ukijani wa jani bila kulisukuma likue, kwa hiyo uwanja unabaki na sura nzuri na mashine ya kukatia haichoki. Hili limeandikwa wazi kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na tarehe za katazo, na bei ya ziara hizo mbili ni ndogo kuliko ya zile nyingine. Sijaona kampuni nyingi zinazopunguza bei kwa sababu zimetumia mali kidogo, na kwa hilo nawapongeza kwa dhati.

Ziara ya Aprili ndiyo iliyonishawishi kwamba wanaijua kazi yao, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo mteja anaweza kuona kwa macho yake mwenyewe. Mfuko waliouleta ulikuwa wa ratili 50, umeandikwa 15-0-15. Namba ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni, ya kati ni ya fosforasi na ya mwisho ni ya potasiamu, kama ambavyo DAP tunayoijua nyumbani huandikwa 18-46-0 na urea 46-0-0. Chini ya namba hizo, kwa maandishi madogo, kifuko kinatakiwa kutaja ni kiasi gani cha nitrojeni hiyo kinatoka polepole, na huyu fundi alinionyesha mstari huo kwa kidole kabla sijauliza: zaidi ya nusu. Ratili 50 za mbolea hiyo zina ratili saba na nusu za nitrojeni. Kanuni ya jimbo kuhusu mbolea za nyasi za mjini inaweka mpaka wa kawaida wa ratili 1 ya nitrojeni kwa kila futi za mraba 1,000 kwa awamu, na kati ya hiyo ile inayoyeyuka papo hapo isizidi ratili 0.7. Uwanja wangu, ukiondoa nyumba, njia ya gari na vitanda vya maua, una futi za mraba 4,000 hivi, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ni karibu ratili 27 za mbolea, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mfuko. Fundi alipima uwanja kwa gurudumu la kupimia, akamimina mbolea kwenye ndoo iliyoning'inizwa kwenye mizani ya gari lake, na karatasi aliyoniachia inasema ratili 20. Ni wazi kwamba angeweza kumaliza mfuko mzima pale pale, nami nisingejua, na pengine nyasi zangu zingekuwa za kijani kibichi zaidi kwa muda.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bwawa la mtaa linalopokea maji ya mvua ya barabara tatu. Alipolikaribia, fundi alishusha kingio la plastiki upande wa kulia wa toroli la kutawanyia ili punje zisirukie upande wa maji, na akageuza mahali ambapo alikuwa ameweka vijibendera vidogo kuonyesha mwisho wa futi 10. Vijibendera hivyo alivipanga mwenyewe kwa kamba kabla ya kuanza. Kwenye njia ya gari zilianguka punje chache, kama inavyotokea kwa kila toroli la aina hiyo. Akachukua ufagio, sio bomba la maji, akazirudisha kwenye nyasi. Punje moja iliyobaki kwenye zege husafiri na mvua ya kwanza hadi mtaroni bila kupita kwenye mzizi wowote. Ukimwona fundi anaosha njia ya gari kwa maji baada ya kutawanya mbolea, hata awe mpole na mwepesi namna gani, kazi yake haifai.

Nilimwomba cheti, akakitoa bila kununa. Tangu tarehe 1 Januari 2014 sheria ya jimbo inamtaka anayeweka mbolea kibiashara kwenye nyasi za mjini awe na cheti cha idara ya kilimo ya Florida, na cheti hicho hakipatikani bila kupitia mafunzo yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Florida kuhusu njia bora za kutunza mandhari bila kuharibu maji. Cheti kina muda wa miaka minne, kwa hiyo usitosheke kuona kadi tu, soma tarehe. Wapo ndugu zetu kadhaa wanaofanya kazi ya bustani katika eneo hili, wengine wakiwa wameanza na mashine moja ya kukatia nyasi, na ningependa walichukulie hitaji hili kama mtaji. Mteja anayeielewa sheria atalipa zaidi kwa mtu mwenye cheti, na mafunzo yenyewe si marefu.

Kuhusu fosforasi sina malalamiko yoyote. Hawaiweki, na hawakujaribu kuniuzia. Florida ndiko kunakochimbwa sehemu kubwa ya fosfeti, yaani madini yenye fosforasi, ya Marekani, katika bonde lililo mashariki ya Tampa, na udongo wa maeneo mengi ya jimbo una fosforasi yake ya asili kiasi cha kutosha ukoka bila kuongezewa. Hata hivyo walinishauri nipeleke sampuli ya udongo kwenye maabara ya chuo kikuu iliyoko Gainesville, kupitia ofisi ya ugani ya kaunti, ambayo hutoa maelekezo ya namna ya kuchukua udongo sehemu mbalimbali za uwanja na kuuchanganya. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya ziara moja. Majibu yalionyesha fosforasi ya kutosha na udongo ulioelekea upande wa alkali, jambo linaloeleza kwa nini chuma kinasaidia sana kwenye uwanja huu, kwa kuwa katika udongo wa namna hiyo mmea hushindwa kukifyonza kile kilichomo tayari. Kampuni inayomtuma mteja kwa mtu wa tatu asiye na faida yoyote katika mauzo yake inastahili kuaminiwa.

Mwezi Julai ndio uliowapima kweli. Upande wa uwanja unaotazama barabara, ambako jua linapiga mchana kutwa, ulianza kuwa na mabaka ya njano, kisha kahawia. Ukoka wetu ni wa aina ya St. Augustine, toleo la Floratam lililotolewa na vyuo vikuu vya Florida na Texas mwaka 1973, ambalo limeenea karibu kila mtaa wa huku. Kila jirani aliyepita alinipa ushauri ule ule, kwamba nyasi zina njaa na zinahitaji mbolea, na mmoja alijitolea kunipa nusu mfuko aliokuwa ameuhifadhi tangu Mei. Fundi alikuja na kopo la bati lililokatwa juu na chini, akalikandamiza ardhini kwenye mpaka kati ya majani mabichi na yaliyokauka, akalijaza maji, akasubiri. Baada ya dakika chache waliibuka wadudu wadogo weusi wenye mabawa meupe, jamii ya kunguni, ambao hufyonza utomvu wa nyasi hizi. Floratam ilipotoka ilisifiwa kwa kuwastahimili wadudu hao, lakini kadiri miaka ilivyopita waliizoea. Nitrojeni inayoyeyuka haraka huwapa jani laini lenye utomvu mwingi, nao huongezeka. Na kuvu wa madoa ya kijivu, ambao huenea katika joto na unyevu wa msimu huo huo, huzidi pia nyasi zikilishwa nitrojeni nyingi. Kwa maneno mengine, mbolea niliyoshauriwa na majirani ingekuwa kinyume cha sheria na pia ingezidisha ugonjwa. Fundi alitibu sehemu iliyoathirika peke yake, akaniambia nipandishe mashine ya kukatia hadi inchi 4 na nipunguze siku za kumwagilia. Mpaka mwisho wa Agosti nyasi zilikuwa zimeanza kutambaa na kuziba mabaka.

Lawama yangu kubwa ni ya maji. St. Petersburg ni miongoni mwa miji ya mwanzo Marekani kusambaza maji taka yaliyosafishwa kwa ajili ya kumwagilia bustani. Mfumo wake ulianza mwaka 1977, na maeneo mengine ya kaunti yakafuata. Nyumba yetu imeunganishwa na maji hayo, na yeyote anayeangalia vifuniko vya zambarau vya vinyunyizio atajua. Maji hayo yana nitrojeni na fosforasi ndani yake. Kiasi hutofautiana kwa mtambo na kwa msimu, lakini kipo, na kila unapofungua bomba unaweka mbolea kidogo bila kukusudia, hata katikati ya Julai. Kampuni inayopima ratili kwa mizani na kupanga vijibendera kando ya bwawa ilipaswa kuuliza jambo hili siku ya kwanza, kwa sababu linabadilisha hesabu nzima. Haikuuliza. Fomu yao ya kujisajili ina nafasi ya kuandika aina ya nyasi, ukubwa wa uwanja, watoto na mbwa, lakini haina mstari wa chanzo cha maji. Nilipolileta mwenyewe mwezi Septemba, msimamizi alikubali mara moja na awamu ya Oktoba ikapunguzwa kwa theluthi moja. Uwanja haukuonyesha dalili yoyote ya kupungukiwa. Maana yake ni kwamba awamu za Februari na Aprili nazo zilikuwa na ziada, ndani ya mipaka ya kanuni, lakini ziada hata hivyo, na ziada hiyo mimi ndiye niliyeilipia.

Kuna makosa mengine madogo. Chuma chao kiliacha madoa ya kutu kwenye ukingo wa zege karibu na mlango, kwa kuwa siku hiyo alikuja fundi mwingine asiye na uangalifu wa yule wa kwanza. Madoa hayo hayatoki kwa sabuni. Pia mtu wao wa mauzo alinipigia simu katikati ya Mei akitaka kuniongezea awamu ya ziada kabla ya mlango wa Juni kufungwa, eti ili nyasi zipate akiba ya kuvuka kiangazi. Ukoka hauweki akiba ya namna hiyo. Nitrojeni inayozidi mahitaji ya mwishoni mwa Mei itakuwepo bado mchangani mvua za Juni zitakapoanza, na hapo katazo linakuwa limehesabiwa kwa tarehe tu huku lengo lake likiwa limekwepwa. Fundi alipoulizwa alisema wazi kwamba hakuna haja. Ningependa ofisi na uwanja viseme lugha moja.

Msomaji anayezijua nyasi anaweza kuniuliza kama katazo lenyewe lina mashiko, na swali hilo linastahili jibu la heshima. Wapo wataalamu wa nyasi, baadhi yao katika Chuo Kikuu cha Florida, wanaosema kwamba ukoka unakua kwa nguvu zaidi wakati wa joto, kwa hiyo huo ndio wakati unaoweza kuchukua nitrojeni vizuri, na kwamba nyasi dhaifu zenye mizizi mifupi huvujisha zaidi. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilizizuia serikali za mitaa kuweka makatazo mapya ya msimu kwa mwaka mmoja na kutenga dola 250,000 ili chuo hicho kichunguze suala hilo. Naiheshimu hoja yao, na nadhani ni ya kweli kwenye kipande cha majaribio ambako kiwango kimepimwa, mvua imerekodiwa na hakuna mtu anayemwaga mfuko mzima kwa sababu umebaki gereji. Mtaa ni kitu kingine. Mtaani kuna mamia ya viwanja, kila kimoja na mtu wake na toroli lake, na sheria inayosema usiweke kabisa kwa miezi minne ni sheria ambayo mwenye nyumba anaielewa, muuza duka anaielewa, na mkaguzi anaweza kuithibitisha. Uwanja wetu umepita kiangazi bila nitrojeni ya mfuko na haujafa.

Jirani yangu mmoja ana hoja nzito zaidi. Mwaka 2021, mwezi Machi na Aprili, takriban galoni milioni 215 za maji machafu kutoka kiwanda cha zamani cha mbolea ya fosfeti cha Piney Point, katika kaunti ya Manatee, zilimwagwa kwenye Ghuba ya Tampa, na majira ya joto ya mwaka huo huo fukwe za St. Petersburg zikajaa samaki waliokufa kwa mwani mwekundu. Anauliza ni haki gani kumsumbua mwenye uwanja wa futi za mraba 4,000 baada ya hayo. Hasira yake naielewa, na waliohusika na kiwanda kile walipaswa kubanwa mapema zaidi. Lakini nitrojeni ya viwanja haingojei ajali; inakuja kila mwaka, kutoka kila barabara, na ndiyo sehemu ambayo mimi na yeye tunaweza kuipunguza bila kusubiri mahakama wala bunge.

Nitaje pia vyama vya wamiliki wa nyumba, kwa sababu Waswahili wengi huku wanaishi chini ya vyama hivyo na wanaogopa barua zao. Barua ikija mwezi Agosti ikidai nyasi ziwe za kijani zaidi, jibu lake ni kwamba chama hakiwezi kukuamuru uvunje sheria ya kaunti. Na ukitaka kupunguza ukoka na kupanda mimea inayostahimili hali ya Florida, tangu mwaka 2009 sheria ya jimbo inakizuia chama kukukataza mandhari ya namna hiyo. Kampuni hii ilinipa barua fupi ya kuambatisha, ikitaja katazo na tarehe zake. Chama kilinyamaza.

Kwa walio majimbo mengine, tarehe zangu hazitawafaa, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu jamaa hutumiana ushauri wa bustani kwa simu kana kwamba Marekani ni kijiji kimoja. Maryland, waliko Wakenya wengi, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013 inafunga mlango wakati wa baridi: mwenye nyumba haruhusiwi kuweka mbolea kuanzia tarehe 15 Novemba hadi tarehe 1 Machi. Minnesota, tangu mwaka 2005, fosforasi imepigwa marufuku kwenye nyasi za nyumbani jimbo zima, isipokuwa nyasi zikiwa mpya au kipimo cha udongo kikidai. Mji wa Ann Arbor katika Michigan nao uliizuia fosforasi, na watafiti waliopima maji ya mto Huron waliona imeshuka kwa wastani wa asilimia 28. Kampuni kubwa zenye matawi nchi nzima zinapaswa kubadilisha mifuko yao kufuatana na kaunti, na baadhi huchelewa. Muulize fundi wako ni sheria ipi anayoifuata mtaani kwako, naye akikujibu kwa jina la jimbo peke yake, endelea kuuliza.

Bei ya kampuni hii ni chini kidogo ya dola 60 kwa ziara ya kawaida na dola 40 kwa ziara ya kiangazi, ghali kuliko matangazo yanayobandikwa mlangoni, lakini ni bei ya haki kwa kazi inayopimwa. Nimeusaini mkataba wa mwaka ujao baada ya wao kukubali kuandika ndani yake chanzo cha maji ya kumwagilia, kiwango cha mbolea kwa ratili kwa kila ziara, na jina la fundi mwenye cheti atakayekuja. Anayetaka kuajiri kampuni ya aina hii ayaombe hayo matatu kwa maandishi mwezi Januari, kabla ya ratiba za Februari kujaa.